Mama wa ku Dirisha ya Treni

Lubumbashi, siku ya ine

Yaya wangu, dada mukubwa Ngosa,

Mbele hata nikusalimie: mutoto Chancelvie amevua kiatu yake moja sasa hivi, ameiweka juu ya benchi, ameijaza majani, na iko naisukuma polepole akipiga moshi na mudomo. Ameniambia ni treni ya Kasai, nikate tiketi mbio, haitangojea muntu. Nimecheka, Yaya, halafu nikainama nijifanye natafuta kitu chini, juu ya macho ilijaa machozi na sikutaka aone.

Sasa nakusalimia vizuri. Uko muzima? Vitenge vyako vinauzika ku mupaka wa Kasumbalesa, mu ile foleni ya makamyo? Na kifua yako, baridi ya asubui haiisumbui tena? Israël mutoto wako anakula? Sisi huku tuko. Mutoto ameongeza jino moja. Baba yake angali Kolwezi, anapiga telefone kila yenga, kila siku saba. Miye mwili iko muzima, lakini roho haiko, na ndiyo sababu naandika. Ku telefone utanikata mbele nimalize, na nikishakatwa sitapata tena nguvu ya kuanza. Dereva Bwalya atapita hapa saa sita na kamyo yake, miye au mutoto tutamupa barua hii akuletee.

Niko nimekaa ku barza ya Papa Stanislas, huku nyumba ninapofagia, nangojea amalize na bageni wake. Ni yeye yule muzee wa Kasai ambaye shemeji Alphonse bwana yako anamulindia mulango huu mwaka wa saba. Na shemeji ndiye alinitafutia kazi hapa. Hiyo usiisahau unaposoma. Miye siisahau hata saa moja.

Unazijua zile afishi za zamani za Papa, yale makaratasi makubwa ya picha. Baba yake alikuwa muchoraji, alichora kwa ajili ya reli, ili bantu bapende kupanda treni ya kwenda Kamina, Sakania, mupaka Kasai. Zilibandikwa ku kila gare, pale treni inasimama. Rangi zake, Yaya, utasema zilikauka jana. Papa alizikusanya maisha yake yote, na kesho kutwa, siku ya posho, mwisho wa yenga, zitatundikwa mu sale moja kubwa ya ville, katikati ya muji, bantu baje kuziangalia. Kumi na tatu. Siku ya kwanza ya yenga hii alifungua sanduku azitoe, akahesabu kumi na mbili, akahesabu tena, akamuita Syntiche, mutoto wa dada yake anayemupikia, amuhesabie. Kumi na mbili.

Ile inayokosa ndiyo ya kichwa ya treni ya kijani juu ya daraja la Bukama. Ku dirisha kuko mama mumoja wa kitambaa chekundu, ametoa mukono inje, anacheka. Chini baliandika kwamba Kasai inakungojea.

Papa alituita batatu: shemeji, Syntiche na miye. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningevumilia. Alisema polepole kwamba yule mama hakuchorwa ovyo, ni mama yake muzazi. Alikufa Papa akiwa na miaka mine, na nyumba yao haikuwa na picha yake hata moja. Uso wa mama yake ni ule wa ku karatasi, hana mwingine. Kisha akauliza nani anashika funguo ya chumba. Shemeji alikuwa bado anawaza, si unamujua, mbele aseme jambo lazima alitafune. Mudomo yangu ikatangulia. Nikasema funguo iko na Alphonse.

Haikuwa bongo, Yaya, si uwongo. Funguo iko naye kweli. Lakini niliona vile Papa alivyomugeukia. Miaka saba ya kulindiwa mulango ikaanguka pale chini mbele yetu. Akamuambia aache funguo ku meza, aende nyumbani, na kama afishi hairudi mbele ya siku ya tano, maneno itaenda ku polisi.

Siku ya tano ni kesho. Kwa hiyo ile konje, siku za kupumzika shemeji alikuambia amepewa, si konje. Amejifungia mu nyumba yenu ya Hewa Bora. Mama yule anayeuzisha makala mbele ya mulango wenu anaimba kila muntu akipita kwamba balinzi ba leo, bezi ba inje babaombe kazi. Shemeji hakutaka ujue, alisema utaacha vitu vyako ku mupaka na kukimbilia huku bure.

Na miye, tangu siku ile chakula inapita kama mchanga. Pikipiki ikisimama ku avenue yetu ya Katuba, nafikiri ni polisi, najificha nyuma ya mulango. Jana ku soko polisi alinikanyaga muguu, akaomba pardo kwa heshima, na miye nikaacha nyanya zangu pale na kukimbia. Bamama balinicheka, balisema pengine alinitaka ndoa.

Jana magaribi shemeji alikuja kwangu, kwa miguu kutoka Hewa Bora. Alimuletea Chancelvie biskuti. Alikunywa maji, akaniambia nisijisumbue, hanikasirikii, nilisema tu kweli mbele ya mukubwa. Akacheka hata, akasema bakimufunga, angalau atalala usiku kama bantu bengine, tangu miaka saba hajui usiku inafanya nini. Nikacheka naye, Yaya. Nilicheka! Halafu akamuita mutoto amuonyeshe kaye zake, daftari za masomo, juu ya yeye ndiye alimununulia. Nikajibu mbio kwamba zimebaki ku masomo. Zilikuwa chini ya matela ya kitanda, pale alipokalia. Chancelvie aliniangalia, akaangalia matela, akanyamaza. Ana miaka sita, na kunyamaza vile amekujifunza kwangu.

Sasa soma polepole, Yaya, na kama uko karibu na bantu, enda pembeni.

Ku mwanzo wa masomo mwalimu alitaka kaye zote sita zivikwe karatasi muzuri. Papa aliniruhusu nichukue kalenda za zamani za mu koridori. Nilivika nazo, lakini zilikuwa na picha za machupa ya bia, na mwalimu akazirudisha mbele ya kalasi nzima, akasema hapa si nganda ya kunywea bia, mama yake abadilishe. Batoto bengine bakaanza kumuita Nganda. Nganda, leta moja ya baridi! Siku mbili hakutaka kwenda. Miye niliacha masomo mu mwaka wa tano juu ya kuchekwa namna ile, unakumbuka, na niliapa yeye hataacha.

Kisha zile siku mbili, shemeji alinifungulia chumba nifagie, kama kila siku. Sanduku haikufungwa. Nikavuta moja. Nilijiambia ziko nyingi, ni makaratasi ya kitambo, muzee hatajua. Nilijua ni kitu ya maana, Yaya, na nilikataa kujua. Niliiviringisha mu kitenge yangu nikapita nayo mbele ya shemeji, na akaniaga vizuri.

Niliikata na makasi. Daraja iko ku kaye ya Kifaransa, kichwa ya treni ku hesabu, moshi ku dini. Mwalimu aliziinua juu bote baone, Chancelvie akarudi anaruka. Yule mama wa kitambaa chekundu sikumukata. Makasi ilifika karibu na mukono yake, nikaizungusha, sijui juu ya nini, pengine juu ya vile alikuwa anacheka. Iko muzima ku kaye ya kuandika. Siku ile ya kwanza Papa alipotuita, nilipotoka kwake, nilizivua zote na kuzigeuza, rangi ndani, nyeupe inje. Mutoto akalia, akauliza treni imeenda wapi. Nilimuambia imeingia mu mulima.

Ni miye, Yaya. Bwana yako hajaiba hata musumari. Ni miye niliiba, na ni miye nilimuuzisha.

Leo asubui nimezigeuza tena, rangi inje, nimurudishie Papa. Ziko hapa mu sakoshi, ku magoti, barua hii iko juu yake. Syntiche amepita akanitania kwamba naandikia bwana mupya. Hajui. Naogopa, lakini niko na tumaini kidogo: uso haukuguswa, na kuko bantu ba kuunga karatasi na gundi. Pengine Papa atamuangalia mama yake mbele ya kuniangalia miye. Pengine hapana. Bakinipeleka ku polisi, umuchukue Chancelvie, hata kama uso wangu hutaki kuuona tena. Analala na taa, na maziwa ya moto inamuumiza tumbo. Kaye umuvike mupya, na karatasi ya kununua.

Nisalimie Israël, umubusu ku shingo vile anapenda. Nisalimie bamama ba vitenge. Naweka jina langu hapa sasa, juu ya sijui kama nitarudi ku karatasi hii: mudogo wako Chomba, mama ya Chancelvie.

Neno moja tena. Shemeji akikupigia telefone leo, umuambie aondoe mapazia, afungue mulango, atoke apite mbele ya yule mama wa makala. Umuambie Chomba aliingia kwa Papa kwa miguu yake, hakukokotwa na muntu, na neno ya kwanza alilosema ilikuwa, ngoja Yaya, bageni banatoka, Syntiche iko naniita, anasema niingie, na mutoto nimuache inje na