Kwenye ungo si sombe

Mama, ugali nimefunika. Vilivyobaki kwenye ungo si sombe ya majani ya muhogo, musiviguse! Ni sponji ya godoro niliyoikatakata na kuipaka rangi ya kijani: vichaka vya gari-moshi langu dogo.

Asubuhi binti yako mkubwa, Yaya Arlette, alimwaga nusu yake kwenye maji ya moto. "Mbona sombe yako haiivi, ndugu?" Na maonyesho ya parokia ni leo! Nilipiga kelele hadi jirani akatoka. Mwambie Yaya:

Kichaka changu kijani,
hakiliwi sahanini.

Lakini Mungu asifiwe. Nilipovianika, rangi ilikuwa imepauka mahali mahali, kama vichaka vya kweli kwenye njia ya Mboko wakati wa kiangazi. ~~Vinapita vile nilivyopaka mimi.~~ Vinafaa. Nimevipanga mbele kabisa, kando ya reli.

Yaya aje parokiani avione. Asilete chumvi.

Mwanao,
Néhémie