Miwani ya Kumtoa Mtu Wodini

Tarehe 4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, na huo ni wa kazi. Wewe sikuulizi hali, maana najua utajibu "mzima kama kawaida", na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu unanidanganya kwa sauti nzuri. Karatasi haina sauti.

Jirani yako seremala ameniambia yote. Ulipiga magoti kwenye zege bichi kutwa nzima, maji ya saruji yakaingia ndani ya suruali, yakakuunguza kutoka gotini hadi karibu na kifundo, na wewe ukaendelea kusawazisha sakafu ya watu. Eti zege halilali. Baba, miaka arobaini unawafokea vibarua wako waoshe miguu kila saa. Haya, hilo limeshatokea. Lisilokubalika ni kwamba umeruka kliniki mara tatu kwa kuogopa kusafishwa kidonda. Seremala alikusindikiza, akamsikia daktari kwa masikio yake: kidonda kikioza, mguu unakatwa chini ya goti.

Ndiyo maana nakutumia kifurushi hiki. Ni miwani ya uhalisia pepe, na simu yangu ya zamani ya kuchomeka ndani yake. Usicheke kwanza. Ukiivaa unajiona uko mahali pengine kabisa. Ukigeuza kichwa kushoto unaona ya kushoto, ukikiinua unaona mbingu. Hapa wodi ya majeraha ya moto tunawavika watoto na watu wazima wakati wa kubadilisha bandeji. Maumivu hayaondoki, sitakudanganya, lakini akili ikishughulika na kitu kingine yanapungua, na woga unapungua zaidi. Kuna mpishi mmoja aliyeungua mkono kwa mafuta. Wiki iliyopita alishikwa na watu watatu. Jana alikuwa anatazama samaki, akaniuliza, "Unaanza saa ngapi?" Nilikuwa nimeshamaliza.

Nimekuwekea bonde lenye ziwa na nyumba ya mawe. Nesi wako mpe kikaratasi cha maelekezo. Nakuomba, Baba, nenda.

Binti yako


Tarehe 17 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Huo mgongo uupumzishe, usiinue wagonjwa peke yako. Mimi mzima kama kawaida, umesema mwenyewe.

Kifurushi kimefika. Niliivaa miwani sebuleni, seremala akiwa shahidi. Nikaona bonde, nikaona ziwa, nikasema hapa pazuri. Kisha nikaiona ile nyumba. Mwanangu, nani kaijenga? Dirisha halina linta, mawe ya juu yamekaa juu ya hewa. Kona ya kushoto haijawahi kuonja timazi, imeinama vidole vitatu. Nilikaa nusu saa nikitafuta kinachoizuia isianguke. Seremala anasema nilikuwa natukana kwa sauti. Anasema pia imechorwa na vijana wa kompyuta. Basi vijana hao waambiwe jiwe lina uzito.

Kliniki nimerudi, kwa hiyo usinune. Nesi wa vidonda ni mama mmoja wa haraka haraka, nimempa jina la Bandika-Bandua. Analijua na hajakasirika. Lakini kule miwani sikuivaa, na sitaivaa. Nitakwambia kwa nini, halafu tusirudie.

Siku ile ya mama yako, nesi mmoja alikuja akaniambia, "Mzee, toka nje kidogo upate hewa, mgonjwa anapumzika." Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi dakika kumi, nikamtazama mtu anaosha gari. Niliporudi, shuka lilikuwa limeshamfunika uso. Ni miaka saba sasa. Aliyenitoa nadhani alikuwa na huruma, lakini sijamsamehe. Tangu hapo, penye jambo langu nitakaa nilitazame. Kama ni mguu wangu unachunwa, nitautazama ukichunwa. Miwani yako ni nzuri, ila nayo inaniambia toka nje upate hewa.

Usijisikie vibaya. Kula vizuri.

Baba yako


Tarehe 11 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Wiki tatu hujajibu, na wewe si mtu wa kunyamaza. Hata ulipougua surua ulikuwa unaongea. Kama nimekuudhi kuhusu ile nyumba, basi ina linta.

Habari za mguu ni hizi. Juzi maumivu yalinishinda, nikakubali. Bandika-Bandua akanivika miwani, akafuata kikaratasi chako neno kwa neno. Na kweli, nilianza kuhesabu mistari ya mawe ya ule ukuta, nikafika wa kumi na nne sijasikia kitu. Kisha nikakumbuka kwamba sijui kinachoendelea huko chini. Nikaing'oa miwani kwa mkono mmoja, na mwingine ukaipiga trei. Mikasi, koleo, vitambaa vya gozi, vyote sakafuni. Ikabidi viletwe vyombo vingine, nami nimelala kidonda wazi nikisubiri. Bandika-Bandua akaviokota kimoja kimoja, polepole, na hapo ndipo nilipojua amekasirika.

Daktari amepanga kunipandikiza ngozi tarehe 9 Aprili. Kabla ya hapo kidonda kisafishwe kila baada ya siku moja, tena kwa undani. Siku hiyo kikiwa safi, atapandikiza. Kisipokuwa safi, atakata. Aliniambia hivyo hivyo bila kuzunguka, nami nimempenda kwa hilo. Lakini fundi mwashi wa mguu mmoja hapandi ngazi, na mimi kazi nyingine siijui.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Baba yako


Tarehe 18 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwili haujambo. Barua hii nimeianza mara nne.

Yule nesi aliyekutoa siku ya Mama hana kosa. Nilimtuma mimi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimeshafundishwa dalili, nikaona pumzi za Mama zinabadilika, nikajua. Ulikuwa hujalala siku tatu. Nikajiambia, Baba hataweza kuliona hili. Nikamfuata nesi kwenye korido nikamwambia, "Mtoe Baba, tafadhali." Ulipotoka ulinipita mlangoni, ukanigusa bega. Mimi nikaingia, nikakaa.

Nilitaka kukuepusha na maumivu. Ndiyo kazi ninayoifanya hapa kila siku, na watu wananisifu kwayo. Lakini yule mpishi nilimuuliza kabla ya kumvika miwani, akasema ndiyo. Wewe sikukuuliza. Halafu baada ya miaka saba nikakutumia miwani kwa posta, na safari hii pia sikukuuliza. Niliposoma barua yako nilikuwa kwenye chumba cha chai. Nilimwambia mwenzangu kichwa kinaniuma, nikaenda kukaa stoo ya mashuka.

Kama hujamsamehe aliyekutoa, basi ni mimi hujanisamehe, na sina cha kujitetea. Ninachoomba ni kimoja. Kliniki nenda. Nikasirikie mimi, mguu usiuonee.

Binti yako


Tarehe 29 Machi

Binti yangu,

Marahaba.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya redio. Nilikasirika. Siku nne sikuongea na mtu, seremala akadhani ni mguu. Miaka saba nimemchukia mwanamke wa watu; nikimwona sokoni nageuza njia. Kumbe ni damu yangu, na damu yangu inanitazama nikigeuza njia. Hilo la kunyamaza linaniuma kuliko la kunitoa.

Kliniki nimekwenda kila mara, bila miwani, kwa hasira tu. Hasira nayo ni dawa, lakini imekwisha na maumivu yamebaki. Jana nilizimia. Bandika-Bandua anasema kidonda hakisafishiki vizuri kwa sababu nauvuta mguu kila akigusa. Simlaumu. Nimejaribu kuushika kwa mikono yangu mwenyewe, nao unanishinda nguvu. Zimebaki siku kumi na moja.

Kwa hiyo njoo. Nitaivaa hiyo miwani. Wewe utasimama penye mguu wangu na kuniambia kila kinachofanyika, kizuri na kibaya, usiniruke hata kimoja. Nikiwa naambiwa, nitaweza kukaa huko nje.

Na kuna la pili. Zile dakika kumi wewe ulikuwepo. Sijawahi kukuuliza, na nadhani niliogopa. Utanieleza nikiwa nimevaa miwani, maana sitaki uuone uso wangu, wala mimi sitaki kuuona wako. Mambo mawili yanayouma, bora yapite siku moja.

Baba yako


Tarehe 2 Mei

Binti yangu,

Hujambo, na mgongo haujambo? Wamekupokeaje kazini baada ya likizo?

Ngozi imeshika. Leo daktari amefungua bandeji akasema ni sehemu moja tu bado, ukubwa wa kifuniko cha soda. Natembea na fimbo hadi kwa seremala na kurudi. Anasema fimbo hiyo ni mbaya, atanichongea nyingine, na mpaka akimaliza nitakuwa siihitaji. Bandika-Bandua anadai mguu huu ni kazi ya mikono yake, nami nimemwachia sifa zote. Yule nesi wa zamani nilikwenda kumsalimu. Nilijiandaa kwa maneno mengi. Hakunikumbuka.

Nimetaka kukuandikia juu ya ile siku ya kwanza ulipofika, kwa sababu tuliimaliza, tukanywa chai, tukazungumza habari za bei ya saruji.

Ulisimama penye mguu ukaanza. "Anamwaga maji ya chumvi. Anabandua gozi upande wa nje. Hapa pana damu kidogo. Hapa pana usaha, si mwingi." Ulikuwa unasema kama mtu anayesoma orodha, nami nilikuwa mbele ya ile nyumba mbovu, nimetulia, mguu sijauvuta. Kisha, bila kubadilisha sauti, ukasema, "Mama alifumbua macho. Akauliza, baba yako yuko wapi? Nikamwambia yuko nje. Akasema, mwache. Akirudi mwambie avue viatu, miguu imemvimba."

Hapo ukanyamaza.

Hukuweza kuona, lakini miwani ilijaa maji mpaka bonde na ziwa vikawa kitu kimoja. Bandika-Bandua akasita. Akauliza, "Mzee, inauma sana? Nisimame?" Nikasema inauma, endelea.

Yeye akaendelea na kazi yake. Lakini neno lile nilikuwa nakwambia wewe, na ulilielewa, maana ulivuta pumzi, ukanipeleka hadi dakika ya mwisho.

Baba yako