Gari ya Rangi ya Maziwa Imeingia Uani Kwangu

Koboko, Alhamisi, kiangazi cha 1977

Jua kali. Moshi wa majani wanayochoma huko Lobule umejaa mpaka ndani ya nyumba. Tangu adhuhuri sijala kitu. Mimi, ambaye hata siku ya kumzika mume wangu nilikula.

Mtoto wangu ameniletea gari.

Niandike tena nione kama maneno yatakaa sawa. Rajabu, mtoto wangu wa mwisho, dereva wa jeshi kule Arua, ameniletea mimi Hawa, msuka kawa, gari yangu mwenyewe. Nimesoma darasa mbili tu, mwandiko wangu wajukuu wanaucheka, lakini neno gari naweza kuliandika. Nimeliandika.

Gari hiyo niliitamani, sitajidanganya hapa. Miaka mingi nimebeba kawa zangu kichwani mpaka barabarani, nimepanda lori la pamba, nimepanda lori la mbuzi, nimefika sokoni Arua nikinuka kama mbuzi mwenyewe. Nikirudi nilikuwa nasema mbele ya watoto na majirani: kabla sijafa nitaingia Arua nimekaa mbele, kwenye gari ya rangi ya maziwa, kama ile ya yule bwana wa elimu anayekaa juu mlimani. Siandiki jina lake. Mke wake ni mteja wangu. Ananunua kawa za kufunika chakula wakija wageni wa kanisa. Nilikuwa naiona gari yao imesimama chini ya dirisha, safi, viti vyekundu, nikasema Mungu akipenda.

Nilisema kwa kujisifu. Mdomo wangu haujawahi kuwa na mlango.

Leo adhuhuri nikasikia honi nje. Watoto wakakimbia. Rajabu akaingia na gari taratibu mpaka karibu na jiko langu, kuku wakaruka, akashuka na yunifomu yake imepigwa pasi, akaninyooshea funguo kwa mikono miwili kama mtu anayempa mkubwa maji ya kunawa.

"Mama, hii iko yako."

Wifi yangu Zenabu, ambaye kwa miaka yote amenicheka kwa ile ndoto, alifika kabla vumbi halijatulia. Akazunguka gari, akagusa taa, akapiga vigelegele, kisha akaanza.

"Kumbe Hawa umekuwa mke wa kamishna. Sasa sisi tutakuona wapi? Tutaomba ruhusa?"

"Utaosha miguu kwanza," nikamwambia, "ndiyo upande."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Moyo wangu ulikuwa mkubwa, nisiufiche. Niliona marehemu mume wangu angekuwa hapo na medali zake za vita vya Burma, angesimama wima kabisa. Nikafungua mlango wa mbele, nikakaa. Kiti kilikuwa chekundu. Nikasema moyoni, mtoto amekumbuka mpaka rangi ya kiti.

Kisha nikageuka kutazama nyuma.

Juu ya ile sehemu iliyo chini ya kioo cha nyuma kulikuwa na kawa. Ya buluu na nyeupe, imepigwa na jua kidogo. Na upande mmoja, karibu na ukingo, kipande cha kijani.

Kawa hiyo niliisuka mimi. Buluu iliniishia mkononi. Rangi ilikuwa haipatikani sokoni, na mke wa yule bwana alikuwa anataka kawa yake kabla ya Pasaka. Nikatia kijani, nikampelekea, nikasema mama, kama hutaki nipe nirudi nayo. Akacheka, akasema iache hivyohivyo, nitakuwa naijua ni yangu. Mwanamke wa Kinubi kama mimi anaweza kusahau sura ya shemeji yake. Mkono wake kwenye ukindu hausahau.

Rajabu hakuona. Ataonaje? Amezaliwa katikati ya kawa, kwake kawa ni kama mchanga. Alifikiri ni pambo la gari.

Si gari iliyofanana na ile. Ni ileile.

Na yule bwana mwenyewe, sokoni walishanong'ona habari zake. Walikuja watu wawili ofisini kwake, wakamwambia kwa adabu kwamba anaitwa mara moja tu, atarudi kabla ya chai. Akaenda kwa gari yake mwenyewe, akiendesha mwenyewe, mmoja wao amekaa kando yake. Mke wake mpaka leo akisikia injini anatoka mlangoni. Wauza samaki ndio waliniambia, wakitazama huku na huku, na mimi niliwaambia nyamazeni mnipimie samaki.

Kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye kile kiti chekundu kabla yangu alikuwa nani?

Nilishuka. Nilichukua ile kawa, nikasema ina vumbi, nikaingia nayo ndani, nikaisukuma chini ya kitanda.

Nilimwita Rajabu nyuma ya jiko, mahali nilipokuwa nampigia fimbo alipokuwa mdogo. Nimezoea kumgombeza mtoto huyu mpaka nyumba ya tatu wasikie. Leo nilinong'ona. Nafikiri hilo ndilo lililomtisha yeye kwanza.

"Mwenye gari iko wapi?"

"Mwenye gari ni wewe, mama."

"Usinijibu kama mtoto wa jirani. Nakuuliza mara ya pili."

Akatazama viatu vyake. "Afande aliniuliza mama yako anapenda nini. Mimi nikasema gari. Akauliza gari gani. Nikasema, kama ile ya bwana wa elimu. Mama, mimi nilisema tu. Ilikuwa maneno ya kucheka. Juzi akaniita, akanipa funguo."

"Wewe ulimwambia lini? Kabla mutu hajachukuliwa, ama baadaye?"

Akainama, akaanza kufuta vumbi la kiatu kwa kidole.

Hilo swali nimelibeba tangu adhuhuri na bado nalibeba wakati huu ninapoandika. Je, walimtaka yule bwana kwa sababu zao, na gari ikabaki tu? Au mama mzee mmoja hapa Koboko alijisifu mbele ya watoto wake, neno likatoka kwa mama likaingia kwa mtoto, likatoka kwa mtoto likaingia kwa afande, na watu wawili wakaenda ofisini kwa adabu?

Sijui. Rajabu naye hajui, au anajua. Nimemzaa mimi, na leo sikuweza kumsoma usoni.

Nikamwambia arudishe gari. Akanitazama kama nimemwambia aingie mtoni na mawe mfukoni.

"Zawadi ya afande hairudishwi, mama. Atasema nimemdharau. Atauliza kwa nini, na mimi nitasema nini?"

"Na yeye anataka nini kwako? Mkubwa hampi dereva gari bure."

Hapo ndipo alipokaa chini, kwenye kinu, mwanaume mzima na yunifomu yake. Akasema haraka, kama mtu anayetema mfupa. Gari ikae Koboko, kwa mama. Siku afande akiwa na kazi ya usiku, atamwita aje nayo. Magari yao watu wameshayajua, wakiyaona wanaruka ukuta na kukimbilia Zaire. Hii ni gari ya mama mzee. Hakuna atakayestuka.

"Kazi gani ya usiku?"

"Mama, wewe unajua."

Ndiyo. Najua.

Basi mtoto wangu ndiye atakayepiga hodi kwenye milango ya watu. Kwa gari yangu. Kwa jina langu. Leo atakuwa anaendesha tu, kesho ataambiwa ashike mkono wa mtu, keshokutwa atakuwa ameona mengi mno na yeye mwenyewe atakuja kuitwa mara moja tu, kwa adabu. Nimeona mpira huu unavyochezwa. Kila anayewabebea watu, siku moja hubebwa.

Nilitaka kumpiga kofi. Nilimpa gurusa na chai. Akala zile chapati za maji bila kutafuna vizuri, macho barabarani.

Kesho Ijumaa anataka kunipeleka Arua. Afande amesema anataka kumwona mama akishuka kwenye zawadi yake. Zenabu ameshaazima kanga mpya, anakuja nyuma. Nusu ya mtaa wanataka kusimama kando ya barabara watuone tukipita. Rajabu hawezi kukataa. Na mimi nikisema sitaki, afande atauliza mama amesikia nini, amesikia kwa nani.

Tangu alasiri nimekaa hapa nafikiri ni mtu gani anaweza kumkataa mkubwa wa jeshi na mkubwa akaondoka bila hasira. Si tajiri. Si sheikh. Si aliyesoma, huyo ndiye wa kwanza kuchukuliwa.

Kikongwe mjinga tu.

Mwanamke wa shamba ambaye hajazoea gari. Anayeshikwa na kizunguzungu akikaa mbele. Anayetapika.

Nina samaki mkavu kutoka Rhino Camp, kule mtoni, amechacha kidogo. Nina maziwa ya juzi. Nina mafuta ya mbarika, yale ninayowapa wajukuu wakifunga choo, na hakuna aliyewahi kuyashinda. Alfajiri nitakula vyote kwa mpangilio wangu. Nitavaa nguo nyeupe, nitakaa mbele, nitawapungia mkono watu wote wa Koboko waliosimama. Na tukikaribia Aroi, mahali barabara inapojikunjakunja, nitaharibu kile kiti chekundu na kila kilicho karibu nacho.

Nitaiharibu gari hiyo hata wakiiosha kwa sabuni ya kambi nzima. Nitashuka barabarani nikilia kwamba kichwa kinazunguka, shetani wa gari amenikamata, hata kwa bunduki sipandi tena. Zenabu atasimulia mpaka anakufa. Watoto wataniimba. Watasema Hawa, aliyejisifu miaka yote, gari imemtapisha kama mtoto mchanga. Na afande atacheka. Wanaume wa namna hiyo wanapenda kumcheka mama wa mtu. Akicheka atasema basi, lete hiyo takataka, mama yako arudi kwa mbuzi wake. Na mtoto wangu atarudisha funguo bila kusema hata neno moja la kukataa.

Nimelifikiria kutoka kila upande. Nafikiri litashika.

Nafikiri.

Rajabu sitamwambia. Uso wake haujui kuficha, aliurithi kwa baba yake. Aone aibu ya kweli. Aibu ya kweli ndiyo afande ataiamini.

Ile kawa sijui niifanye nini. Nikimpelekea yule mama kule mlimani, nitakuwa nimemwambia mume wake harudi, na nani aliniambia mimi kwamba harudi? Nisipompelekea, nimekaa na kitu cha nyumba yake chini ya kitanda changu, naye anatoka mlangoni kila akisikia injini. Kesho itakuwa injini yetu. Ya Rabi, nisaidie tusipite barabara ile.

Na samaki akikataa kutoka? Na afande asipocheka?

Magharibi imeadhiniwa, nimeswali nikiwa nimekaa. Rajabu yuko nje anafuta vioo vya gari. Anaimba kidogo, wimbo wa watoto, nafikiri hajui kwamba anaimba. Miaka yote alikuwa anangoja siku ya kunikalisha mbele, na ni mimi nitakayemchafulia mbele ya watu. Hatanisamehe haraka. Labda hatakuja nyumbani Idi, labda atamwambia mke wake mama yangu ni mzigo.

Na anichukie. Anayechukia anapumua.