Tangi la Anton

Fisksätra, 12 Novemba 2023

Dada yangu mpendwa Leokadia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba karatasi hii ikukute umesimama kwa miguu yako miwili, masikio tu ndiyo yawe yamestaafu. Mshukuru sana Mwalimu Valerie kwa kuzipokea barua zangu kwenye simu yake na kukuletea gerejini kwako. Sisi huku hatujambo, kwa kusema tu. Felicia anakwenda kazini, anarudi, anaosha vyombo ambavyo havijachafuka. Tangu tumzike mtoto wetu Anton mwezi wa sita hatujagombana hata mara moja, na hilo ndilo linalonitisha.

Dada, nina jambo la ufundi. Pikipiki ya Anton bado iko stoo chini ya jengo letu. Uliiona kwenye picha, ile nyekundu ya matope na milimani, kuukuu, ila ina namba ya barabarani. Aliinunua kwa mshahara wake wa kupanga maziwa kwenye duka kule Farsta. Mwezi wa tano injini ilinoki njiani, ikakwama kabisa, akaisukuma stesheni mbili za treni mpaka nyumbani, akaifungia. Wiki sita baadaye, kwa kuwa yake haitembei, alipanda nyuma ya pikipiki ya rafiki yake Jibril. Mvua ilikuwa inanyesha. Mengine unayajua.

Nimeamua kuitengeneza baridi hii. Huku giza likianza saa tisa alasiri kila mtu hujitafutia kazi ya mikono, wengine wanafuma sweta. Mimi nataka kabla theluji haijaisha niisikie ikinguruma kama alivyoisikia yeye. Felicia hataki hata kushuka stoo. Nikimwambia twende tuitazame anageuka na kuwasha redio.

Kuuliza si ujinga. Nianzie wapi?

Mdogo wako,
Damas


Mbinga, 1 Desemba 2023

Mdogo wangu Damas,

Marahaba. Milele Amina. Mimi mzima, magoti tu yanalalamika mvua zikikaribia. Kahawa imechanua vizuri mwaka huu. Msalimie wifi yangu, umwambie kila Jumapili namwombea yeye kwanza, wewe baadaye.

Nimecheka, Mungu anisamehe, mara ya kwanza tangu msiba. Wewe na spana! Umesahau kule gereji ya misheni, Bruda alipokupa nati moja tu uikaze, ukaikaza mpaka ikakatika, halafu ukasema ilikuja na ubovu wake kutoka kiwandani? Miaka arobaini bado naisubiri ile nati.

Haya, sikiliza. Usipige kiki kwa nguvu. Fungua plagi, mimina oili kidogo kwenye tundu lake, uiache wiki nzima. Ukiwa na haraka utavunja. Kisha fungua kichwa cha injini, toa silinda taratibu, unipigie picha ya pistoni upande wa mbele, wa nyuma na wa chini. Kila nati uifunguayo iwe na kikopo chake na karatasi yenye jina. Kabureta ioshe kwa petroli na brashi ya meno. Yako, si ya Felicia.

Siku itakapowaka nitakufundisha jambo moja ambalo vijana wa hapa wananicheka nikilifanya. Tangu masikio yaende, naweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini nauuma kwa meno. Injini inaniambia yote kupitia taya. Haijawahi kunidanganya.

Sasa swali ninalomwuliza kila mteja kabla sijashika kitu, usikasirike: nani alitia petroli mara ya mwisho, na aliitia vipi?

Dada yako,
Leokadia


Fisksätra, 28 Januari 2024

Dada Leokadia,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya cha Krismasi. Habari za huku ni baridi, digrii kumi na nne chini ya sifuri jana. Tulikula Krismasi watu wawili kwenye meza ya watu wanne. Felicia aliweka sahani tatu, akaona, akairudisha moja kabatini.

Nimeifungua. Oili ililala wiki mbili, ndipo pistoni ikakubali kutoka. Picha hizi hapa, utaona mikwaruzo mwenyewe. Nimefanya vikopo kama ulivyosema, stoo yangu sasa inafanana na duka la viungo.

Swali lako nililipita kama sikuliona. Leo nalijibu.

Tarehe nne mwezi wa tano Anton alitimiza miaka kumi na tisa. Alikuwa amelala. Nikachukua funguo, nikaisukuma pikipiki mpaka kituo cha mafuta, nikamjazia tangi mpaka shingoni. Zawadi. Nilirudi nafurahi kama mwizi, asubuhi yote natabasamu mbele yake bila kumwambia. Mimi ni mtoto wa Mbinga, dada, unajua tulivyozoea: unafika kituoni, kijana wa pampu anaiangalia pikipiki, anatia oili yake mwenyewe kwenye petroli, wewe unalipa na kuondoka. Huku hakuna kijana wa pampu. Unajihudumia. Na mimi miaka thelathini naendesha gari, sikukumbuka kabisa kwamba kuna injini zinazokunywa oili pamoja na petroli.

Alikwenda nayo mchana huohuo, ikanoki. Nimelijua hili wiki moja kabla ya Krismasi, nilipokwenda kununua pistoni mpya. Muuzaji akaniuliza, "Unachanganya kiasi gani?" Nikamwuliza, "Nachanganya nini?" Akanieleza hapohapo kaunta.

Niliporudi stoo ndipo nilipoliona kopo lake la kupimia, limening'inia kwenye msumari siku zote. Ameandika kwa kalamu nyeusi: oili moja, petroli arobaini. Alikuwa anapima kila tone, mtoto yule.

Na mimi siku ile nilimgombeza. Alifika jasho linamtoka kwa kusukuma, nikamwambia hajui kutunza kitu, amezoea vya bure. Tangu darasa la kwanza ananijibu Kiswidi. Siku ile alisema kwa Kiswahili: "Nisamehe baba, nimeiendesha vibaya." Nilichomjibu sitakiandika hapa.

Zitazame picha. Uniambie kama fundi, si kama dada: ni mimi? Maana kama ingekuwa nzima asingepanda ya Jibril.

Felicia hajui. Siwezi kumwambia kabla sijapata jibu lako.

Mdogo wako,
Damas


Mbinga, 17 Machi 2024

Mdogo wangu Damas,

Marahaba, na pole. Sina ugonjwa wowote, usimlaumu Valerie, wala mtandao haukuwa na tatizo. Barua yako ilifika siku ileile. Nilikaa nayo wiki saba.

Ya kwanza niliyokuandikia ilisema injini ilikuwa chakavu, sili zimekwisha, ingekufa tu hata angetia nani. Niliandika vizuri, hata mimi niliiamini. Nikampa Valerie, akaipiga picha, nikamwambia usitume. Nikaichana. Nimeshika injini miaka arobaini na sijamdanganya mteja hata mmoja, wengine wamenitukana kwa hilo. Nianze na wewe?

Umeniuliza kama fundi. Pistoni imechubuka pande zote, mbele na nyuma. Chini yake pakavu, hata alama ya oili hakuna. Ni petroli tupu, Damas. Ni tangi lile.

Nimelia nikiandika hapo juu, wino umetawanyika, unaona.

Sasa nakujibu kama dada, ambalo hukuuliza. Injini umeiua wewe. Mtoto hukumuua wewe. Ni mambo mawili, na najua utayaunganisha kila asubuhi ukiamka, na mimi sina spana ya kuyafungua. Ungenipa nafasi ningeyabeba nusu. Baba yetu angekuwepo angekukumbatia tu, mimi niko mbali hata hilo siwezi.

Lakini mwambie mkeo. Msema kweli mpenzi wa Mungu, najua, msemo umechakaa, na mara nyingine mpenzi huyo wa Mungu hulala sebuleni peke yake. Mwambie hata hivyo. Mtu hawezi kuomboleza na mwenzake huku amemficha kaburi. Mwambie kabla hujaiwasha. Ukiiwasha kwanza utakuwa umeikata ile nati yangu mara ya pili.

Silinda ipeleke kwa mwenye mashine aichonge. Oili, fuata kopo la mtoto.

Dada yako,
Leokadia


Fisksätra, 5 Mei 2024

Dada yangu Leokadia,

Shikamoo. Theluji imekwisha, miti huku inatoa majani kwa siku tatu kana kwamba imechelewa kazini. Nakuandikia mapema, Felicia bado amelala.

Silinda ilichongwa na fundi mmoja wa Spånga. Nimefunga kila kitu, kila kikopo kimebaki kitupu, hakuna nati iliyozidi wala iliyokatika. Tangu wiki ya Pasaka ilikuwa tayari. Nilikuwa naogopa ngazi za kupanda nyumbani.

Jana angetimiza ishirini. Asubuhi nilikaa mbele ya Felicia nikamwambia yote, kituo cha mafuta, tangi, barua yako. Nilingoja anitupie kikombe. Alikiweka mezani, akasema, "Najua."

Dada, alijua tangu mwaka jana. Anton alimwambia jioni ileile. Alipofungua tangi njiani alinusa tu, akajua hakuna oili, na tangi alilikuta limejaa wakati yeye hakulijaza. Hakuhitaji kuuliza. Alimwambia mama yake, "Usimwambie pappa. Alifurahi sana." Akamwapisha. Basi Felicia ametunza kiapo cha mtoto mwaka mzima, ananiangalia nikishuka stoo na spana, na ndiyo sababu hakuweza kushuka. Alijua nitakachokikuta.

Tulilia, mara ya kwanza kwa pamoja. Kisha alivaa koti la Anton akashuka nami.

Tuliitoa nje, nikapima kwa kopo lake. Kiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tano ikawaka, moshi wa bluu ukajaa uwanja wa magari. Majirani wawili walitoka kwenye roshani. Nikaweka bisibisi kama ulivyonifundisha, nikauma mpini. Ulisema kweli. Inapita kwenye taya mpaka machoni. Felicia aliweka mkono wake juu ya tangi, hakuutoa mpaka nilipoizima.

Umefanya kazi yako, dada, na mimi nimefanya yangu. Pikipiki ni nzima. Felicia amesema tutampigia Jibril, aje aione.

Limebaki moja ambalo sikukuandikia. Nataka mtu mmoja alijue, na Felicia nimeshindwa kumtamkia. Mtoto alisimama mlangoni, mikono myeusi, anajua kosa ni langu, akasema nisamehe baba. Nilikuwa natazama mpira. Hata sikugeuza kichwa.

Nilimwambia nitafikiria.

Mdogo wako,
Damas