Gauni la Idi

Bibi,

Kila siku huandika tarehe juu ya ukurasa wa shajara yangu kabla ya neno lolote. Leo nimeshindwa. Sijui huko uliko mnahesabu vipi siku, kwa hiyo nimeandika tu: Nkowe, Jumapili.

Bado napika ugali wa watu wawili. Wako unabaki, asubuhi nawapa kuku. Mikorosho imeanza kutoa maua na hakuna wa kunisema kwamba nimechelewa kupalilia.

Watu wanasahau, bado wanakuja kwako na mashauri yao. Juzi alikuja jirani yetu, Mzee Saidi. Ng'ombe wa yule mfugaji anayepakana naye wameingia kwenye ufuta wake, anataka kwenda kumshtaki. Nikajisikia nasema maneno yako: "Anzia nyuma kidogo, Mzee." Akanitazama, akacheka. "Na wewe umeshakuwa bibi kizee?" Lakini akaanzia masika ile mfugaji huyohuyo alipompakia mke mgonjwa wa Mzee Saidi kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka zahanati. Hadithi ilipofika kwenye ufuta, sauti ilikuwa imeshuka. Akaaga, akasema anapita kwanza kwa mfugaji wazungumze.

Nikabaki peke yangu na hadithi yangu. Unaijua. Siku zote naianzia palepale: Mama ananishusha kwenye basi la kutoka Nachingwea na furushi la nguo zangu zote, hata gauni la Idi, ananiacha kwako. Alinitupa. Kila uliponiambia nianzie nyuma kidogo, nilibeba ndoo nikaenda kisimani.

Sasa macho ya Mama yanafifia. Siku ya arobaini yako aliniomba aje tukae wote hapa. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Nyumba yote hii, Bibi, na mimi nikasema nitafikiri.

Jana nilimpigia simu. Sikumuuliza kwa nini alinileta. Nilimwomba anisimulie, aanzie kabla ya basi. Akaanzia msiba wa Babu. Kwamba ulikuwa huwashi moto wala hujibu salamu. Kwamba uliomba mjukuu mmoja wa kulala naye, kama wajane wengi wa kwetu wanavyopewa.

"Nilikutoa wewe kwa sababu ulikuwa hunyamazi," akasema. "Nilijua mama yangu atalazimika kujibu."

Nikamuuliza habari ya gauni.

"Sikutaka Idi ikukute huko umevaa kama mtoto asiye na kwao."

Bibi, nililia kama nilivyolia siku ile. Kilio kile kilikuwa cha kweli, sikifuti. Ila mtu anayetupa mtoto hafungashi gauni la Idi. Furushi lile nimelisimulia miaka yote na sikuwahi kuliangalia ndani.

Wewe ulijua. Ungeniambia, Bibi. Au uliniambia nikiwa kisimani.

Ijumaa nakwenda Nachingwea kumchukua. Atalala upande wako wa kitanda. Najua kuna siku atakaa kimya kwa ajili yako, na macho yake yatamtia simanzi.

Pumzika, Bibi yangu. Nakuahidi nitaongea mpaka ajibu.

Mjukuu wako,
Zuhura