Mto wa Marehemu Mama

Jumatatu, 7 Oktoba
Zulia nimetoa. Mapazia nimechemsha. Ukungu wa nyuma ya kabati nimeusugua kwa siki mpaka vidole vinawasha. Paka kaenda kwa jirani – mwanangu Danbi kamlilia mpaka kifua kikapiga mluzi. Ana miaka minne tu, na kila asubuhi anahema kama kapanda mlima. Mama mkwe mlangoni: ukimaliza vyombo utatutupa na sisi? Nimecheka. Atapona huyu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Hakuna nafuu. Hataki kulala bila paka. Nimempa mto wangu alionishonea marehemu mama, wa makapi ya memil, nafaka hiyohiyo anayosaga mume wangu mashineni. Kaukumbatia, kauficha uso humo. Angalau.

Jumanne, 15 Oktoba
Hospitali. Wamemchoma vitone vya kupima mzio mkononi, kimoja kikavimba kama kaumwa na nyuki. Daktari kasema si paka, si vumbi. Memil! Anakula tambi zake? Hali, nikasema. Mto je, Mama Danbi? Mimi mwenyewe nimemwekea puani.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimefumua mshono wa mama, mdogomdogo kama chawa. Makapi nimemwaga bondeni. Mama, nisamehe. Mama mkwe kanung'unika: mito hiyo tumeilalia tangu enzi, nani kafa? Baba Danbi mavuno yamembana, analala hukohuko mashineni tangu jana. Kwenye simu nimemwambia habari za mto tu.

Ijumaa, 18 Oktoba
Siku mbili hakuna mluzi! Leo kakimbia uani, kanikimbiza na mimi. Nimeosha mchele huku naimba.

Saa kumi na moja baba yake karudi. Nyusi nyeupe, mabega meupe kwa unga. Nani kamkumbuka baba? Danbi karuka, kaingiza uso shingoni mwake, vilevile alivyokuwa akiuficha kwenye mto ule.

Nimemvuta mtoto kwa nguvu. Analia. Mama mkwe: mtu katoka kutafuta riziki, ndiyo salamu hiyo? Nikawaambia alichosema daktari: si mto tu, hata unga wa memil. Mashine ile ya mume wangu ilikuwa ya baba yake, na ya babu yake kabla.

Baba Danbi kajitoa nje mwenyewe, kafunga mlango. Anajikung'uta. Nasikia: "Mama Danbi, niingie au nisiingie?"

Nimeshika kalamu badala ya kumjibu. Mtoto anaugonga mlango kwa ndani, baba, baba – na katikati ya kila baba, ule mluzi