Juisi ya Khitma Yako

Mbwana, ndugu yangu,

Kwa masikitiko na taadhima nakutangazia kwamba kile kiti chako cha plastiki pale barazani Chumbageni, chenye mguu uliofungwa waya, kimevunjika. Kilivunjika nikiwa juu yake. Waliohudhuria walicheka kwanza, ndipo wakaniinua. Taarifa rasmi imeishia hapo.

Sasa niseme lililonishikisha kalamu. Nimekawia kwa sababu naona haya.

Siku ya arobaini yako tulikusomea khitma, watu wakajaa hadi uchochoroni. Bi Saumu alipika pilau. Mimi nikajitwika juisi ya ukwaju, maana unanijua, sipendi shughuli ipite bila jina langu kutajwa. Basi limetajwa. Kesho yake nusu ya mtaa ilikuwa inaendesha, na watoto wawili wa madrasa walitundikiwa dripu. Wamepona, alhamdulillahi.

Nani alikuwa wa kwanza kusema ni pilau ya Bi Saumu? Mimi. Tena nilisema kama mtu aliyelisomea jambo: watu wamekula pilau, watu wameumwa, mnataka nini zaidi? Hadi alasiri neno lilishafika Mabawa, kwa mama mmoja aliyekuwa amemwita Bi Saumu apike harusi ya bintiye. Akatuma mtu kumwambia asije. Mjane anayelisha wajukuu kwa sufuria yake, Mbwana. Ukishasema pilau yake inaumiza watu, umemfungia jiko.

Ndipo ukaanza kunisumbua, kama ulivyonisumbua ulipokuwa hai. Unakumbuka nilipoapa kwamba kofia yangu ya kijani ndiyo inayotufungisha mpira? Uliinua kichwa kutoka kwenye beseni la maji, umezamisha mpira wa baiskeli unatafuta pancha, ukaniuliza: "Na siku ulizoivaa tukashinda, Kombo, umezihesabu?" Nilikununia siku mbili. Sikuwa nimezihesabu.

Na lile jingine, ulilolirudia hadi tukawa tunakukimbia: "Usiniambie tu nani kala akaumwa. Niambie nani kala hakuumwa, na nani kaumwa wala hakula."

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, najifanya najulia hali wagonjwa. Shemeji Mwanaidi, mkeo, na wanawake wote waliokuwa ndani walikula pilau ile ile, wakagombania na ukoko. Wazima. Nikauliza walikunywa nini. "Chai, shemeji," akasema. "Juisi yako iliishia kwa wanaume huko nje." Nikaenda kwa watoto wa madrasa. Wao walisoma, wakapewa juisi, wakaondoka kabla sahani hazijatoka. Matumbo, wote.

Nilitafuta sababu nyingine, ndugu yangu, nilitafuta sana. Nikabaki peke yangu na ndoo yangu.

Asubuhi ile bomba lilikuwa kavu. Nilichota maji kwenye pipa la nyuma ya banda la kuku, lililokaa wazi tangu mvua. Niliona yana utelezi. Nikajiambia sukari itafunika. Sikuchemsha.

Na hata baada ya kujua nilikaa kimya siku nne, namwona Bi Saumu akipita amejivutia mtandio usoni, simwiti. Siku ya tano nilikwenda kwake, nikamwambia ni maji yangu. Hakulia wala hakunitukana. "Umenivua nguo barazani," akasema, "kanivishe hapo hapo." Nikasimama mbele ya watu nikasema yote, na kuku nikawataja. Kisha nikaenda Mabawa. Walikuwa wameshapata mpishi mwingine. Harusi imepita bila yeye, na hilo sikuweza kulirudisha. Wiki hii kaitwa kupika akika ya mtoto mchanga mtaa wa pili. Mimi ndiye nitakayemchotea maji, kwa amri yake, na atasimama akinitazama.

Ungeniuliza kama nimemaliza. Bado.

Asubuhi ile ya kwanza, nilipolitaja jina la Bi Saumu, pipa lilishanijia kichwani. Ndiyo maana nilisema upesi, tena kwa sauti kubwa. Hili hata yeye hajui. Nitamwambia Ijumaa baada ya sala, na nakuahidi wewe kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma.

Mola akupanulie kaburi lako, mwenzangu. Lala.

Kombo